Mama Mchungaji na Harusi ya Mchangani

Kila mtu wa huku kwetu Itumbe humwita Mama Mchungaji, nami nitamwita hivyo hivyo, ingawa mwaka huu nimemwita moyoni majina mengine ambayo siwezi kuyaandika kwa sababu mama yangu anajua kusoma. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, waulizeni wazee. Ninayemjua mimi ni yule mama mnene wa kitambaa cheupe kichwani, anayesimama mlangoni mwa kanisa kila Sabato asubuhi, mkono mmoja umeshika Biblia, na mwingine uko tayari kwa ajili ya magoti ya wasichana.

Magoti, ndiyo. Aliinama akaweka kiganja chake chini ya goti lako. Kama gauni lilikifunika kiganja, ulipita. Kama halikukifunika, ulirudi nyumbani, hata kama ulikuwa umetoka ng'ambo ya mto kwa miguu. Mimi nilirudishwa nikiwa darasa la saba, kwa gauni lililovaliwa na dada zangu wawili kabla yangu, ambalo halikuwa na kosa lolote ila kwamba mimi nilikuwa narefuka. Wavulana wa kwaya walikuwa wanatazama. Alisema kwa sauti iliyofika hadi mimbarini, "Binti, Mungu hataki kuona magoti yako." Kama hataki kuyaona aliyaumba ya nini, nilijiuliza njia nzima, lakini sikumwambia mtu. Mimi si msemaji. Mwalimu wetu wa Kiswahili huniambia kwamba ninaandika kama mtu anayepiga kelele na kuzungumza kama mtu anayeomba maji.

Mama Mchungaji ana mambo yake. Kwa mfano, chai. Anasema kuinywa ni dhambi, na nyumbani kwake mgeni hupewa uji au maji ya moto yenye maziwa. Lakini shamba lake la chai ndilo lililopogolewa vizuri kuliko yote huku juu, na siku ya kupeleka majani kituoni yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni, akimwambia karani asimchagulie majani yake kama mtu anayechagua mchele. Siku moja kaka yangu Ombati, ambaye haogopi mtu, alimuuliza:

"Mama Mchungaji, hao tunaowauzia wakiinywa, dhambi ni ya nani?"

"Ni ya anayemeza," akamjibu, bila hata kuweka kikapu chini.

Watu walicheka, naye akacheka. Ana kicheko kizuri. Ni lazima niseme na hayo, maana nikiandika mabaya peke yake nitakuwa mwongo. Baba alipovunjika mguu, Mama Mchungaji alikuja na wanawake watatu wa kanisa wakatuchumia chai msimu wote mpaka baba akasimama. Hakutaka shukrani. Nilipomletea maji ya kunawa aliniambia, "Nenda ukasome, kwani nani amekuita?" Mambo kama hayo ndiyo yanayoniudhi zaidi. Mtu mbaya tu ni rahisi kumchukia, unamaliza unalala.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa harusi. Hakuna harusi iliyofungwa kanisani kwetu miaka yote ninayokumbuka ambayo hakuisimamia yeye. Alijua ng'ombe yupi achinjwe na yupi amezeeka. Alijua nani amenye ndizi, nani asonge ugali wa wimbi, nani asiwekwe karibu na nyama. Lori la kumbeba bibi harusi lilipokodiwa Keroka, yeye ndiye aliyemwendea dereva na kumwambia aoshe magurudumu. Alitembea katikati ya mafiga akipiga kelele, "Mikono kwanza, mdomo baadaye!" na wanawake wote walikuwa wanatii, hata wale waliomsengenya. Utaratibu ulikuwa unajulikana bila kuandikwa: leo unapika kwangu, kesho mwanao akioa napika kwako na kucheza kwako. Mama yangu alipika katika harusi hizo zote. Jikoni Mama Mchungaji alikuwa anamtegemea yeye kuliko mtu mwingine.

Kitu kimoja tu katika harusi zetu kilimshinda, nacho ni tope. Mvua ya huku haiangalii tarehe. Alituambia mara nyingi kwamba siku ya harusi yake mwenyewe gauni lilikuwa jeusi hadi magotini kabla hajafika kanisani, na kwamba wifi zake walicheka, na kwamba yeye hakusahau. Halafu kuna mwaka alitumwa Mombasa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, na kupitia dirisha la basi akamwona bibi harusi Mzungu amesimama kwenye mchanga mweupe kando ya hoteli, gauni safi kabisa, kama sahani iliyotoka kuoshwa. Aliporudi alilieleza jambo hilo hadi tukachoka. "Safi!" alikuwa anasema. "Hata ukingo wa gauni, safi!"

Sasa nieleze habari ya maziwa, maana bila hiyo hutaelewa hasira yangu.

Mama Mchungaji ana mtoto mmoja tu wa kiume, Mogaka. Alipomzaa aliugua sana, akalazwa hospitali ya misheni kwa miezi. Wakati huo mama yangu alikuwa amemzaa Ombati. Wakamletea yule mtoto, naye akawanyonyesha wote wawili, Ombati upande huu na Mogaka upande ule, hadi mwenzake aliporudi na nguvu. Kila mtu anajua. Mama Mchungaji mwenyewe alikuwa akisimama kanisani kutoa ushuhuda, anamwonyesha mama yangu kwa kidole na kusema, "Yule ndiye mama wa pili wa mwanangu." Mama alikuwa anainama kwa aibu. Na Mogaka, hata baada ya kupata kazi bandarini Mombasa, akija likizo alipitia kwetu kwanza, anaingia jikoni na kufunua chungu bila kuomba ruhusa, akiita, "Mama, kuna chinsaga?" Anapenda mboga hiyo chungu iliyopikwa kwa maziwa. Haombi uipike upya, anakula iliyolala.

Basi Mogaka akachumbia msichana wa Nyamarambe, mwalimu wa shule ya msingi. Sisi tukajua harusi itakuwa kubwa kuliko zote. Mama alianza kuuliza nani ana sufuria kubwa. Halafu Sabato moja Mama Mchungaji akatangaza kwamba harusi ya mwanawe haitakuwa huku. Itafanyika Mombasa, kwenye hoteli, mchangani, mbele ya bahari. Kwa hiyo hakuna kupika. "Hoteli itapika," alisema, "nanyi akina mama mpumzike."

Mpumzike! Wanawake waliopika kwenye kila harusi aliyoisimamia, wakingoja zamu ya mwanawe ili wacheze, waliambiwa wapumzike. Na hoteli yenyewe ni ile ambayo Mombasa nzima inajua kwamba watu hutembea nje wakiwa na kitambaa kimoja mbele na kimoja nyuma. Mimi nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya magoti.

Lakini mama hakukasirika. Aliamini kwamba yeye atakwenda, maana mama wa pili ataachwaje? Alichukua viatu vya zamani vya Ombati, akavijaza vitambaa mbele, akawa anatembea navyo uani jioni baada ya kazi ili miguu izoee. Kuku walimkimbia. Tulicheka, yeye pia. "Nikianguka kwenye hoteli ya Wazungu mtasema sikufanya mazoezi," alisema.

Siku ya kupiga simu, Mama Mchungaji alinichukua mimi. Kiswahili chake ni cha nyimbo na mahubiri, na aliogopa kwamba watu wa pwani wangemcheka. "Wewe una Kiswahili cha sekondari," akasema. Tukaenda posta ya Kisii, tukangoja simu ya mbali, nami nikapewa mkono wa simu.

"Mwambie tunataka nyumba mbili," akaanza.

Mtu wa hoteli alikuwa mpole, sauti kama mafuta. "Vyumba vyetu vyote vipo jengo moja, bibie. Vyatazama bahari."

"Anasema jengo ni moja."

"Moja! Mwambie wakwe hawalali chini ya paa moja na mkwe wao. Ni ensoni."

Ensoni ni heshima yetu yenye aibu ndani yake. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakai kwenye benchi moja, hawapeani mikono, wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake kichakani, na afadhali nyumba iungue kuliko mmoja amwone mwenzake bila nguo za heshima. Nilijaribu kuyaeleza hayo kwenye simu, foleni nzima ya posta ikinisikiliza.

"Bibie, milango yetu yote ina kufuli," akasema yule mtu.

"Anasema kuna kufuli."

"Kufuli! Kwani tumesema ni wezi?"

Foleni ikacheka. Mwisho yule bwana akasema kwamba bustanini kuna vibanda viwili vya makuti, kila kimoja na paa lake, na kutoka kimoja hadi kingine unaweza kulowa mvua. Mama Mchungaji akaridhika. Akauliza kama wanapika kaa na kamba, maana sisi watu wa Sabato hatuli. Yule bwana akajibu kwa fahari kwamba hiyo ndiyo sifa ya jiko lao. "Mwambie siku hiyo awaache hai," Mama Mchungaji akasema. Kisha akaanza kunitajia watu wa kuandaliwa vitanda: yeye na Mchungaji, wazazi wa msichana, wazee wa kanisa na wake zao, mwalimu mkuu, diwani na mkewe, Ombati kwa sababu ndiye msimamizi wa bwana harusi. Mimi natafsiri, nasubiri. Orodha ikaishia hapo.

Nilifunika simu kwa kiganja. Sijui nilipata wapi sauti. "Na mama yangu?"

Akatazama ukutani. "Mama yako miguu yake haiwezi safari."

Miguu gani? Miguu inayobeba kikapu cha chai kupanda mlima hadi kituoni? Nilitaka kuuliza hivyo, lakini yule bwana wa pwani alikuwa anasema, "Haloo, haloo, bibie, u hapo?" nami nikamjibu kwamba nipo.

Sababu ya kweli niliisikia wiki iliyofuata, na nikiikumbuka sasa kalamu inatoboa karatasi. Mama Mchungaji aliwaita wasafiri wote nyumbani kwake wajifunze kula kwa uma na kisu. Chakula cha kujifunzia kilikuwa ndizi za kuchemsha. Na aliyeitwa kuzichemsha ni nani? Mama yangu. Alimenya, akachemsha, akapakua, kisha akakaa nje na sufuria, na ndani wake za wazee wanafukuzana na ndizi kwenye sahani. Mzee mmoja alisukuma kipande kikaruka hadi mapajani mwa diwani. Nilikuwa napeleka maji niliposikia mke wa diwani akiuliza kwa nini Mama Ombati hafundishwi. Mama Mchungaji akashusha sauti, lakini sauti yake haijui kushuka.

"Na yale masikio? Wazungu watampiga picha kama mnyama."

Mama alitobolewa masikio usichanani, yakavutwa kama ilivyokuwa desturi, kabla hajajua habari za kanisa. Ndewe zake zinaning'inia. Mtoto yeyote aliyebebwa na mama amezichezea, Mogaka akiwemo.

Nilimwambia mama tukiwa njiani. Nilidhani atalia au atarudi kumtukana. Alihamisha sufuria kutoka kichwani hadi begani. "Tiga, mwanangu," akasema, yaani niache. Jioni ile hakuvaa viatu. Ombati alipoambiwa alisema haendi popote, msimamizi watafute mwingine. Mama akamwambia, "Huyo ni ndugu yako. Utakwenda, tena utasimama wima." Baadaye tukasikia kwamba Mama Mchungaji amemwandikia mwanawe kuwa Mama Ombati amekataa kusafiri kwa sababu ya maumivu ya miguu. Amekataa! Mtu anayewapima watoto wa wenzake ukweli mlangoni mwa kanisa.

Yaliyotokea huko nayaandika kama alivyotusimulia Ombati, ambaye huongeza chumvi kwenye vichekesho tu, na siku hiyo hakuwa anachekesha. Asubuhi ya harusi Mogaka alimuuliza, "Miguu ya mama inaendeleaje?" Ombati akamwambia yote: masikio, ndizi, viatu. Mogaka alivua shati, akabaki na kaptura ndogo ya kuogelea waliyokuwa wanavaa vijana wa Mombasa, akaingia baharini akaogelea kama anayepigana na mtu. Alipotoka, maji yanamtiririka, akapita kwenye kijia cha kokoto kinachotoka bustanini. Na kwenye kijia hicho, akija kutafuta maji ya moto, alikuwa mama mkwe wake.

Mama Mchungaji alikuwa amegawanya mapaa. Njia aliisahau. Kutoka vibanda vyote viwili kwenda kokote ilikuwa njia hiyo moja.

Yule mama alitupa birika, akajifunika uso kwa shuka, akarudi mbio na kujifungia. Mchungaji alibisha mlango akiomba radhi, mume wa yule mama akabisha, binti yake akabisha akiwa na gauni jeupe. Hakufungua. Mtu wa hoteli alileta ufunguo wa akiba, ikabidi Ombati amzuie kwa nguvu. Harusi ikafungwa mchangani bila mama wa bibi harusi na bila mama wa pili wa bwana harusi. Nimeiona picha. Mchanga ni mweupe kweli, na gauni ni safi hadi ukingoni. Mama Mchungaji amesimama peke yake upande wa akina mama, anatabasamu kwa meno, na Mogaka anaangalia kando.

Waliporudi, watu wa Nyamarambe walimchukua binti yao moja kwa moja kutoka stesheni. Wajomba zake walisema maneno machache tu: binti walimleta, bado hawajamkabidhi. Neno kama lile la kijiani haliishi kwa samahani ya mdomo. Mpaka wakae nyumbani kwa bwana harusi, wapokewe, wale chakula cha mikono ya akina mama wa huko. "Na tena," mjomba mkubwa akasema, "tuliambiwa kijana ana mama wawili. Tumeonyeshwa mmoja." Mogaka akarudi Mombasa bila mke, na njiani alipita kwetu hakuingia kwao.

Ikapita miezi. Kanisani Mama Mchungaji aliendelea kusimama mlangoni, lakini nasema kweli, alikuwa anawapitisha watu bila kuinama. Sikumhurumia. Nilijaribu, ikakataa.

Likizo ya Desemba Mama Mchungaji alikuja kwetu. Mama alikuwa anapepeta wimbi uani, mimi naosha vyombo. Alisimama kwanza akaulizia mvua, majani ya chai, mguu wa baba, ambao ulipona zamani. Mama alijibu yote. Mwisho akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Mama Ombati, wakwe wamekubali. Wanakuja Jumapili."

"Nimesikia."

"Ni watu wengi. Unajua bila wewe jikoni mimi siwezi."

Mama akapepeta. Makapi yalimrukia mgeni kwenye kitambaa chake cheupe, wala hakuyapangusa. Nilikuwa naomba kwa nguvu zangu zote mama akatae. Amwambie hoteli ipike!

"Nitakuja," mama akasema.

Nilibamiza sahani ndani ya karai. Hawakunitazama.

"Asante, dada yangu, Mungu aku—"

"Sitapika."

"Nini?"

"Nitakuja kuketi."

"Kuketi?" Mama Mchungaji alilitamka kama mtu anayeonja kitu. "Wakati wa chakula?"

"Tangu asubuhi. Kwani mama wa bwana harusi hufanya nini?"

Nilimwona mgeni akitazama masikio ya mama, waziwazi, kisha akatazama chini, na shingo yake ikawa imelegea kama ya mtu aliyetua mzigo bila kusaidiwa. "Nani atapika?" akauliza, polepole.

"Wewe unajua kazi yote, Mama Mchungaji. Umetuamrisha miaka mingapi?"

Aliinuka, akakung'uta sketi. Nilidhani amekwisha, lakini yule ni yule. Alipofika kwenye uzio aligeuka, akaninyooshea kidole kama zamani.

"Wewe, Jumapili uje mapema unimenyee ndizi."

Sikuwa nimepanga kusema. Nilisimama na mikono inayodondosha maji. "Hapana, Mama Mchungaji. Jumapili nitaketi na mama yangu."

Alinitazama, akashuka na njia. Alipopotea, mama aliweka ungo chini na kusema nimemkosea heshima mtu mzima, nimkimbilie nikamwombe radhi kabla hajavuka mto. Nilirudi kwenye karai langu. Aliniambia mara ya pili, kwa ukali. Nikasugua sahani.